Mageuko ya Binadamu Hayana Ngazi

"Kama binadamu alitokana na sokwe, mbona hawa wa Gombe hawajageuka mpaka leo?" Ukikaa Kigoma utalisikia swali hili kwa kinyozi pale Mwanga, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji, na ufukweni Kibirizi ambako boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, hupakia abiria, magunia ya unga na kreti za soda. Muulizaji kwa kawaida hasubiri jibu. Ameshashinda, na wenzake wanacheka.

Hata hivyo swali lenyewe ni zuri, na jibu lake linafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Linagusa namna tunavyomtazama mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mtu mwenye ualbino aliyeko Kasulu, kikongwe wa Tabora mwenye macho mekundu, na mwindaji wa Kihadzabe wa Ziwa Eyasi.

Tuanze na jibu. Hakuna mwanasayansi anayesema tulitokana na sokwe wa Gombe. Kinachosemwa ni kwamba sisi na wao tuna babu wa pamoja aliyeishi Afrika kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na babu huyo hakuwa mtu wala hakuwa sokwe. Uzao wake uligawanyika, kila upande ukashika njia yake. Sokwe nao wamekuwa wakibadilika muda wote huo, ila mabadiliko yao yaliwafaa kwa maisha ya miti na matunda. Itazame miembe mikongwe ya Ujiji, ile ya enzi za misafara. Ncha ya tawi linaloelekea ziwani na ncha ya tawi linaloelekea barabarani ziko umbali uleule wa wakati tangu mbegu ilipoota. Moja haikuizaa nyingine, wala hakuna iliyochelewa. Sokwe wa leo hayuko njiani kuja kuwa mtu, kama vile wewe hauko njiani kwenda kuwa sokwe.

Kinachotuponza ni ile picha. Karibu kila aliyesoma historia sekondari anaikumbuka: viumbe wamepanga mstari, wa kwanza ameinama, mikono inakaribia kugusa chini, anayefuata ameinuka kidogo, mpaka wa mwisho anayetembea wima kama mtu anayekwenda kazini. Mchoro wa aina hiyo uliopata umaarufu kuliko yote ulichorwa na Rudolph Zallinger na kuchapishwa Marekani mwaka 1965. Baada ya hapo umenakiliwa kila mahali, na yule wa mbele kabisa mara nyingi ana sura ya Kizungu. Mwanafunzi akiutazama haoni matawi. Anaona foleni, na kwenye foleni lazima kuna wa mbele na wa nyuma.

Masalia yenyewe yanakataa foleni. Chukua Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai Julai 1959 na ambalo tulifundishwa kujivunia kama babu yetu. Zamadamu yule aliishi kiasi cha miaka milioni 1.75 iliyopita, na wataalamu wengi leo wanakubaliana kwamba hakuwa babu yetu. Alikuwa ndugu wa pembeni ambaye ukoo wake uliisha bila kuacha mtu. Wakati wake walikuwapo zamadamu wengine katika ukanda huuhuu wa Afrika Mashariki, akiwamo *Homo habilis*. Hata binadamu wa aina yetu alipokwisha kutokea, miaka 300,000 hivi iliyopita, hakuwa peke yake. Afrika Kusini aliishi *Homo naledi* mwenye ubongo mdogo, na Ulaya walikuwako Waneandathali, aina nyingine ya binadamu iliyokwisha toweka. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu dunia ilikuwa na watu wa aina kadhaa kwa wakati mmoja. Leo ipo aina moja tu, na wote waliobaki, kuanzia profesa hadi mwindaji, wamo humo.

Sasa tuone foleni ile ilifanya kazi gani.

Mwaka 1904 kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, Ota Benga, alipelekwa Marekani kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Septemba 1906 akawekwa katika banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Ujumbe wa onyesho ulikuwa wazi: hiki ndicho kipande kinachokosekana kwenye foleni. Wachungaji weusi wa jiji lile ndio waliosimama kupinga mpaka akatolewa. Ota Benga alijiua mwaka 1916. Jambo ambalo husimuliwa mara chache ni kwamba wachungaji wale hawakupinga banda tu, walipinga na nadharia yenyewe ya mageuko, kwa sababu waliiona kuwa ndiyo iliyowaletea matusi yale. Ndiyo maana nashindwa kumcheka mzee wa Kigoma anayekataa kuambiwa ana undugu na sokwe. Jina hilo ameitwa kwa nia mbaya kabla hajaelezwa sayansi yake.

Huku kwetu mambo hayakuwa tofauti. Wakati wa utawala wa Wajerumani mafuvu ya watu yalikusanywa na kusafirishwa Ulaya kwenda kupimwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi mwaka 1954, lakini mafuvu zaidi ya elfu moja ya watu wa Afrika Mashariki yalibaki Berlin. Waliokuwa wakiyapima walitafuta mpangilio wa juu na chini. Darwin mwenyewe hakuwa msafi katika hili. Alichukia utumwa, na katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu alibashiri kwa usahihi kwamba mababu zetu wangepatikana Afrika. Kitabu hichohicho kina maneno ya kuwapanga watu kwa "ustaarabu" wao, na kubashiri kwamba walio juu watawafuta walio chini. Ubashiri wa kwanza ulithibitishwa na masalia. Wa pili ulikuwa desturi za mabwana wa London zilizovishwa koti la sayansi.

Ubaya wa tusi lile la kuitwa sokwe unategemea ngazi, yaani ile foleni ya walio juu na walio chini. Ukiiondoa, linakosa pa kusimama, maana Mzungu wa London, Mbuti wa Ituri na Mha wa Heru Juu wako umbali mmoja kabisa kutoka kwa sokwe. Hakuna aliye karibu zaidi. Tena Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za vinasaba baina yetu kuliko watu wa mabara mengine yote, kwa kuwa tumekaa hapa muda mrefu zaidi. Waliotoka Afrika miaka 60,000 hivi iliyopita na kuijaza dunia walikuwa kundi dogo, wakabeba sehemu tu ya tofauti hizo.

Ningeweza kuishia hapo, msomaji akafurahi kwamba makosa yote ni ya Wazungu. Lakini ngazi ipo na kwetu, na wanaoipanda ni pamoja na wale wasioamini mageuko hata chembe.

Nilikuwa kwenye basi la Kasulu asubuhi moja. Binti mwenye ualbino alipanda, amevaa kofia pana na blauzi ya mikono mirefu, akakaa dirishani. Abiria wakaendelea kuingia. Siti ya pembeni yake ikabaki wazi mpaka siti nyingine zote zilipojaa. Mama mmoja, alipompita, aliinamisha kichwa akajitemea mate kifuani, taratibu, kwa mazoea, kama mtu anayefunga kifungo. Ndiyo ile imani kwamba ukimwona mtu wa namna ile bila kutema mate utazaa kama yeye. Binti alikuwa anatazama nje. Sijui kama aliona, ila nadhani ameona mara nyingi.

Hapa vinasaba vinasema jambo ambalo mate hayawezi kulizuia. Ualbino hurithiwa kwa mtoto kupata nakala mbili za jeni yenye hitilafu, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja ana ngozi ya kawaida na hajui kama anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Ukipiga hesabu ya kawaida ya urithi kutoka hapo, unapata kwamba takriban mtu 1 kati ya 19 anabeba nakala moja. Katika basi lenye siti 57 hao ni kama watu watatu. Huenda mama yule ni mmojawao, na nakala hiyo hakuipata kwa kutazama.

Kuna zaidi. Hitilafu inayosababisha sehemu kubwa ya ualbino wa kusini mwa Sahara ni ileile moja: kipande kimoja cha jeni iitwayo OCA2 kimekatika, na kimekatika mahali palepale kwa watu wa Tanzania na wa Afrika Kusini. Haiwezekani ajali moja itokee kwa namna moja mara nyingi hivyo. Maana yake ni kwamba ilitokea kwa mtu mmoja zamani sana, kisha ikasambaa na uzao wake katika safari za mababu zetu. Yule binti anayeambiwa si mwenzetu, eti mzimu, eti Mzungu wa bahati mbaya, mwilini mwake ana ushahidi wa ukoo wa Kiafrika ulio wazi kuliko abiria wengi waliomkwepa. Na uzungu haumo kabisa. Weupe wa Wazungu kwa sehemu kubwa unatokana na jeni nyingine.

Hata huo weusi tunaoufanya kipimo cha utu wa kawaida una historia yake. Chini ya manyoya sokwe ana ngozi nyeupe. Nenda Gombe utazame nyuso za watoto wao, utaziona zina rangi ya maziwa yenye chai, kisha zinaiva kadiri wanavyokua. Mababu zetu walipopoteza manyoya, jua la tropiki likawaelemea, na wenye melanini nyingi, ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, wakafanikiwa kuacha watoto wengi zaidi. Ngozi nyeusi ni kinga iliyopatikana njiani. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila kinga hiyo chini ya jua lilelile, ndiyo maana saratani ya ngozi inawaua wengi wao mapema. Mapanga ya wanaotafuta viungo vyao vya kuwapelekea waganga ndiyo yaliyotikisa nchi kuanzia 2007, na watoto wengi wakakimbiziwa kwenye kituo cha Kabanga, hapo Kasulu. Jua halikutangazwa redioni, lakini linafanya kazi yake kila siku. Mafuta ya kuzuia mionzi na kofia ni dawa ya msingi kwao, na zahanati isiyokuwa nayo haijawahudumia hata ikiwapokea kwa tabasamu.

Tuhamie Tabora, kwa kikongwe.

Sokwe jike kwa kawaida huendelea kuzaa karibu mpaka mwisho wa uhai wake. Mwanamke hukoma kuzaa kisha akaishi miaka ishirini, thelathini, arobaini zaidi. Ukiwa na ile fikra kwamba maumbile hujali uzazi tu, hilo ni fumbo: bibi ana kazi gani? Jibu mojawapo lenye nguvu lilitoka hapahapa Tanzania. Miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakipima nani analeta chakula gani. Walitegemea kuona wanaume na mishale yao ndio nguzo ya familia. Wakakuta wanawake wazee wanachimba mizizi kwa saa nyingi, juani, kwenye ardhi ngumu, na kwamba mama akishajifungua mtoto mwingine, afya ya yule aliyeachishwa ziwa ilifuatana na kazi ya bibi. Kutoka hapo ikajengwa hoja kwamba uzee mrefu wa binadamu, na pengine utoto wetu mrefu pia, umewezekana kwa sababu ya bibi. Hoja hii ina wapinzani, lakini ushahidi wa mizizi na wajukuu ni wa kupimwa kwenye mizani.

Sasa linganisha na kinachotokea vijijini Tabora na Shinyanga, ambako mauaji ya vikongwe yamekuwa habari ya miaka mingi. Bibi ana macho mekundu, basi ni mchawi. Macho yamekuwa mekundu kwa sababu amepika kwa kuni, na palipo na uhaba wa kuni kwa mavi ya ng'ombe makavu, miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ule ndio uliowaivishia chakula hao wanaomjia usiku. Wakati mwingine chini ya tuhuma kuna shamba, na ukiuliza nani atalirithi unapata jina haraka kuliko polisi.

Kuhusu Wahadzabe wenyewe nina onyo. Ukisoma kwamba utafiti wao umetusaidia kuelewa zamani, ni rahisi kuteleza ukasema wao ndio watu wa zamani. Hapana. Mhadzabe wa leo ana miaka mingi ya historia nyuma yake sawasawa na karani wa halmashauri. Anawinda kwa sababu ujuzi wake, ardhi yake na uamuzi wa wazee wake vimekutana hapo, na anajua bei ya asali sokoni. Hawazidi sana watu elfu moja na ushee, na ardhi yao imekuwa ikimegwa na wafugaji na wakulima kwa hoja kwamba "hawaitumii". Hoja hiyo ni ngazi tupu: mwindaji chini, mfugaji juu yake, mkulima juu zaidi, mwenye hati miliki kileleni. Mwaka 2011 baadhi yao walipata hati za kimila za ardhi yao bonde la Yaeda, na msitu wao ukawa ushahidi kwamba walikuwa wakiitumia muda wote.

Hoja ya mwisho ndiyo huwa nzito kuliko zote. "Sawa, mwalimu, ngazi hakuna. Lakini kubagua ni asili. Hata sokwe hubaguana." Ni kweli. Gombe kati ya 1974 na 1978 kundi la Kasakela liliwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, ambao awali walikuwa wa kundi lao wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1966, ugonjwa wa polio uliokuwa umewapata watu wa eneo hili uliingia kwa sokwe. Mtafiti wa Gombe, Jane Goodall, aliandika juu ya dume mzee aliyeitwa McGregor, aliyepooza miguu yote miwili. Wenzake walikuwa juu ya mti wakichambuana manyoya. Akajikokota kwa mikono mpaka juu, akatoa sauti ya salamu, akanyosha mkono. Wakahamia upande wa pili wa mti. Wengine walimvamia. Mmoja tu, Humphrey, alikaa karibu naye na hata kumkinga.

Anayetaka kutumia Gombe kama hoja na apande boti aelekee kusini, Mahale, mkoa huuhuu wa Kigoma. Huko watafiti wa Kijapani wamewafuatilia sokwe tangu 1965. Mwaka 2011 alizaliwa mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza hata kukaa bila kushikwa. Mama yake alimbeba kwa mkono, akaacha kula baadhi ya vyakula vinavyohitaji mikono yote miwili. Dada mtu alimpokea mara kwa mara ili mama apate kula. Na sokwe wengine wa kundi hawakumfukuza wala kumdhuru. Aliishi karibu miaka miwili. Wa Gombe na wa Mahale ni sokwe wa aina moja, wanakaa kando ya ziwa moja. Nani kati yao ni "asili"?

Kwa upande wetu, Shanidar huko Iraki ilipatikana mifupa ya Mneandathali aliyekuwa na mkono uliolemaa, jicho moja ambalo huenda halikuona, na dalili za kutosikia. Aliishi na hali hiyo miaka mingi, mpaka kufikia umri uliokuwa wa uzee kwao. Wapo wanaotahadharisha tusisome huruma kwenye kila mfupa, na wana haki. Lakini mtu wa hali hiyo hakuweza kuishi muda wote huo peke yake.

Kilichobaki ni suala la nani mgeni, na Kigoma tunalijua kwa kuumia. Mha aliyezaliwa Manyovu akienda ofisi fulani kuomba kitambulisho ataulizwa babu yake alizaliwa wapi, alizikwa wapi, na kwa nini lafudhi yake iko hivyo. Mpaka unaotumika kumuulizia ulichorwa na Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya watu ambao Kiha na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani. Ukirudi nyuma zaidi, wazungumzaji wa lugha za Kibantu wote tumekuja hapa kutoka upande wa Kameruni katika safari iliyoanza miaka 4,000 au 5,000 hivi iliyopita, tukawakuta watu. Mababu wa Wahadzabe walikuwamo nchini kabla yetu.

Ila Mha huyohuyo akitoka kwenye dirisha la ofisi, amenuna, anaweza kukutana na kijana wa kambini anayeuza viazi barabarani akamwita Mrundi kwa sauti ileile aliyoitiwa yeye. Tabora iko hivyohivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wanalima, wanalipa ushuru, wanapiga kura. Ukipita Kaliua ukauliza njia ya kwenda kwao, bado utaelekezwa "kwa wakimbizi", na wengi wa hao wanaoitwa hivyo walizaliwa hapohapo Ulyankulu.